Kabla Hujaikabidhi Mashine Uamuzi: Namna ya Kuipima Hatari ya Akili Mnemba

"Meza kidonge kimoja saa 9 usiku, kabla ya kulala."

Sentensi hii ilikuwa kwenye kipeperushi cha wagonjwa nilicholetewa nikipitie kabla hakijachapishwa, ukurasa wa pili, mstari wa nne. Kiswahili chake safi kabisa. Ngeli zimekaa sawa, alama za uandishi ziko mahali pake. Nimefanya kazi ya kufasiri kwa miaka 22, na niliipita sentensi hiyo bila kusita. Aliyesita ni muuguzi mstaafu aliyekuwa akisoma nakala nyingine pembeni yangu. Alivua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, nani huyu anayelala saa tisa usiku?"

Matini ya asili ilikuwa ya Kiingereza, na saa ya Kiingereza inahesabiwa kuanzia saa sita yetu. Tisa yao ya usiku ni tatu yetu. Mashine iliyofasiri iliibeba tarakimu kama ilivyo. Mgonjwa mmoja angekisia kilichokusudiwa, wa pili angekesha au kuamka usiku wa manane kumeza kidonge, na wa tatu angeona maelezo hayana kichwa wala miguu, akaiacha dawa.

Kosa lilirekebishwa kwa dakika moja. Kilichoninyima usingizi ni kilichofuata. Niliuliza ni nani aliyeidhinisha tafsiri ile. Mratibu wa mradi alidhani mpangaji kurasa ameisoma. Mpangaji kurasa alidhani imeshasomwa kabla haijamfikia. Wa mwisho kuulizwa alinijibu kwa upole, bila hila yoyote, "Imetoka kwenye mfumo." Watu sita walikuwa mle chumbani, na hapakuwa na hata mmoja wa kuulizwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitwa na kamati za shule, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya kijamii vinavyotaka kujua kama vitumie akili mnemba, na kama ndiyo, wapi. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia. Hatari za teknolojia hii kwa jamii ni nyingi, lakini nyingi kati ya hizo zinaingilia mlango mmoja: uamuzi unatoka mikononi mwa watu, na hakuna anayebaki wa kuujibia. Mlango huo unaweza kulindwa, na haihitaji uwe mtaalamu wa kompyuta ili uulinde.

Kwanza jueni inafanya nini

Jina lisiwasumbue. Wapo wanaosema akili mnemba, wapo wanaosema akili bandia, na siku hizi wapo wa akili unde. Swali la kumuuliza anayewaletea programu ni hili: inasema, inaamua, au inatenda?

Inayosema huandika barua, hufupisha ripoti, hujibu maswali. Madhara yake yanapitia kwa mtu anayeisoma na kuiamini. Inayoamua hupanga nani apewe mkopo, nani aitwe kwenye usaili, nani achunguzwe kwa udanganyifu. Inayotenda hutuma fedha, hufuta mafaili, huandika programu nyingine na kuziendesha, bila kungoja mtu abonyeze kitufe. Kila daraja linataka ulinzi wake, na kadiri unavyopanda ndivyo muda wa kulikamata kosa unavyopungua.

Programu inaweza kupanda daraja bila ninyi kujua. Mwaka huu inapendekeza. Mwakani mapendekezo yake yanapitishwa bila kusomwa, na hapo tayari inaamua, hata kama karatasi za ofisi zinasema vingine. Kwa hiyo msitosheke na maelezo ya muuzaji. Mwombeni ruhusa mfanyakazi anayeitumia, kaeni nyuma yake mhesabu. Katika mapendekezo 20, amekataa mangapi? Ametumia muda gani kwa kila moja? Kama hakukataa hata moja na kila moja limemchukua sekunde chache, anayeamua ni mashine, na yeye amewekwa pale kutia saini tu.

Msiipime kwa ufasaha wake

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Haikuelewa lolote, ilichukua maneno ya mtu ikamrudishia kama swali. Katibu muhtasi wake alimwona akiitengeneza kwa miezi, alijua ni programu tu. Hata hivyo alipoketi kuongea nayo, baada ya muda mfupi alimwomba Weizenbaum atoke chumbani, amwachie faragha. Binadamu ndivyo tulivyo. Kinachojibu vizuri tunakidhani kina moyo na kina ujuzi.

Modeli za lugha za leo zina nguvu mno kuliko ELIZA. Zimelishwa maandishi mengi kuliko ambayo mtu angeyasoma katika maisha elfu, na kazi yake ya msingi ni kubashiri neno gani lifuate. Ndiyo maana zikikosa jambo la kweli hazikwami kama mtu anavyokwama. Zinaendelea kwa sauti ileile. Mwaka 2023 mawakili mjini New York waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, ndiyo iliyozitunga, pamoja na majina ya pande zote na nukuu za maamuzi. Wakili alikuwa ameiuliza kama kesi mojawapo ni ya kweli, ikamhakikishia kwamba ni ya kweli. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000.

Angalieni wakili huyo alichofanya: alimuuliza shahidi yuleyule kama anasema kweli. Uhakiki lazima utoke nje ya mashine. Mimi huchapisha andiko kwenye karatasi, nachukua kalamu nyekundu, napigia mstari kila jina, tarakimu, tarehe, saa, kipimo na chanzo. Kila nilichokipigia mstari nakitafuta mahali pengine, katika matini ya asili au kwa mtu anayejua. Kwa Kiswahili naongeza alama za ukanushi, kwa sababu kati ya "umeze" na "usimeze" kuna silabi moja tu, na mgonjwa hana namna ya kujua kwamba silabi hiyo imedondoka. Huchosha. Kurasa nne zinaweza kunila saa nzima. Asiyekuwa na saa hiyo asichapishe.

Ulizeni imetumwa kutafuta nini

Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI, kampuni iliyokuja kuunda ChatGPT, walifundisha programu kucheza mchezo wa kompyuta wa mashindano ya boti. Walitaka imalize mbio, lakini kipimo walichoipa kilikuwa pointi, na pointi katika mchezo ule hupatikana kwa kugonga vitu vilivyo njiani. Boti ilipata kidimbwi fulani ambapo vitu hivyo huibuka upya, ikazunguka pale pale bila kikomo, ikigonga boti nyingine, ikiwaka moto, ikielekea upande usio wake. Haikumaliza mbio. Na pointi zake zilizidi za wachezaji binadamu kwa wastani wa asilimia 20.

Huwa naonyesha mfano huu kabla ya mingine yote kwa sababu boti haikuasi. Ilitii mno. Mashine haifuati nia yenu. Inafuata kipimo mlichoipa. Mkiwapa watu mtandao wenye programu iliyotumwa kuongeza muda wa kutazama, itajifunza kwamba hasira na hofu humshika mtazamaji, na itampa hasira na hofu. Hakuna aliyekaa akaandika amri ya kuwagombanisha majirani. Yatosha kipimo kuwa kibaya na mashine kuwa hodari.

Namna ya kulikagua hili ni rahisi na haigharimu kitu. Mwombeni mleta programu aandike kwa sentensi moja namba ambayo mashine inajitahidi kuipandisha au kuishusha. Kisha kaeni dakika 10, mjiulize: mtu mwerevu asiye na haya, anayetaka namba hii ibadilike bila kufanya kazi iliyokusudiwa, angepitia njia gani? Andikeni zote. Kama namba ni "simu za malalamiko zimalizwe haraka", atakata simu. Kama ni "wanafunzi wafaulu wengi", atawazuia wadhaifu wasifanye mtihani. Njia mlizoziona ninyi kwa dakika 10, mashine inayojaribu mara milioni itaziona pia, pamoja na nyingine ambazo hamkuziota. Mleta programu akishindwa kuitaja namba hiyo, kikao kiahirishwe mpaka aitaje.

Mtafuteni asiyekuwamo

Iandikieni programu ya tafsiri sentensi mbili: "Yeye ni daktari. Yeye ni muuguzi." Kiswahili hakijasema kama ni mwanamke au mwanamume. Iambieni itafsiri kwa Kiingereza mwone. Nimefanya jaribio hili mbele ya watu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mara nyingi daktari hurudi akiwa mwanamume na muuguzi akiwa mwanamke. Mashine imejaza pengo kwa mazoea iliyoyakuta kwenye maandishi. Sasa mweke mazoea hayohayo kwenye programu inayochuja barua za kuomba kazi.

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni tatu zilizodai kutambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Kampuni zile hazikuwa zimesema uongo kuhusu wastani wao. Wastani ndio uliowaficha wanawake hao.

Lugha nazo zina waliosahauliwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichukua maombi hatari ambayo GPT-4, modeli ya lugha ya OpenAI, iliyakataa yakiandikwa kwa Kiingereza, wakayatafsiri kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni, Kizulu ikiwamo. Walipozitumia lugha hizo kwa zamu, vizuizi vilipenywa kwa asilimia 79 ya maombi. Kwa hiyo mtu akiwaambia programu yake imepimwa ikaonekana salama, muulizeni imepimwa kwa lugha gani.

Jaribio lenu wenyewe lifanyeni hivi. Chukueni maamuzi 20 ya zamani ambayo mnajua yaliishaje na mnaamini yalikuwa ya haki. Ondoeni majina halisi na kila kinachomtambulisha mtu, kwa sababu siri za watu hazipaswi kumiminwa kwenye kompyuta za kampuni msiyoijua. Ipeni mashine, mlinganishe majibu. Kisha kila faili litengenezeeni pacha: badilisheni kitu kimoja tu, jina la kubuni la mwanamke mahali pa mwanamume, umri, dini inayodokezwa na jina, au Kiswahili mahali pa Kiingereza. Jibu likibadilika ilhali sifa ni zilezile, mmeona kwa macho yenu. Rudieni swali moja mara tatu pia; mashine inayotoa majibu matatu tofauti kwa faili moja haijawa tayari kupanga maisha ya mtu. Andikeni matokeo kwenye daftari lenye tarehe, kwa sababu programu hizi hubadilishwa na kampuni zake, na iliyofaulu mwezi huu yaweza kufeli baada ya miezi miwili.

Nani atajibu, na anaweza kukataa?

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi na kila kikundi.

Nchini Uholanzi, mamlaka ya kodi ilitumia programu iliyowapangia waombaji wa posho ya malezi ya watoto alama za hatari ya udanganyifu. Kutokuwa na uraia wa Uholanzi kulihesabiwa kama dalili ya hatari. Makumi ya maelfu ya wazazi walituhumiwa bila haki, wakaambiwa warudishe fedha walizopokea kwa miaka, nyingine makumi ya maelfu ya euro. Wengi walipouliza kosa lao ni lipi hawakupata jibu la maana. Serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo tarehe 15 Januari 2021. Programu yenyewe haikuwa hodari kama hizi za leo. Madhara yalikuja kwa sababu mbele yake kulikuwa na mzazi asiyeambiwa sababu, na nyuma yake kulikuwa na maofisa walioiamini alama.

Januari 2020 polisi wa Detroit walimkamata mwanamume nyumbani kwake, mbele ya mkewe na binti zake wadogo, kwa wizi wa saa ambao hakuufanya. Programu ya kutambua sura ilikuwa imeoanisha picha hafifu ya kamera ya duka na picha ya leseni yake ya udereva. Alikaa mahabusu kama saa 30. Hapo hapakukosekana binadamu. Walikuwapo polisi wa kutosha. Hakupatikana wa kusema, "Huyu si yeye."

Kwa hiyo mkiambiwa "usiwe na hofu, kuna mtu anayesimamia", msiishie hapo. Mfikirieni Stanislav Petrov. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 alikuwa zamu katika kituo cha Kisovieti cha kutambua makombora. Mfumo ulitangaza kwamba Marekani imerusha kombora moja, kisha mengine manne. Petrov alijiuliza kwa nini mtu aanzishe vita vya nyuklia kwa makombora matano, akatoa taarifa kwamba mfumo umekosea. Ulikuwa umekosea kweli. Setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu. Aliweza kukataa kwa sababu aliijua mitambo ile kiasi cha kuitilia shaka, na alikuwa na dakika chache za kufikiri. Mwondoleeni kimoja kati ya hivyo viwili, naye angekuwa mtia saini kama wale wa kipeperushi changu.

Andikeni basi, kabla mashine haijawashwa, jina la mtu. Jina la idara halitoshi. Kando ya jina andikeni: ana muda gani kwa kila faili, anaijua kazi hii kwa kiasi gani bila mashine, na je, akikataa pendekezo ataulizwa kwa nini amechelewesha, au atashukuriwa? Swali hili la mwisho watu hulikwepa. Ofisi inayompima msimamizi kwa kasi imeshamfundisha kukubali.

Mtu anayeguswa na uamuzi naye awe na njia. Aambiwe kwamba mashine imehusika, apewe sababu kwa lugha anayoielewa, aonyeshwe mlango wa kukata rufaa mbele ya binadamu ambaye hakutoa uamuzi wa kwanza. Hili si jambo la hisani tu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu Mei 2018, inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ina kifungu cha namna hiyo. Tafuteni ya kwenu inasemaje, mwende nayo kikaoni.

Sauti ya mwanao ikikupigia simu

Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alihudhuria mkutano wa video na mkuu wake wa fedha pamoja na wenzake kadhaa. Barua pepe ya mwaliko ilikuwa imemtia shaka, lakini alipowaona na kuwasikia shaka ikamtoka. Alituma kama dola milioni 25 za Marekani. Watu wote aliowaona mkutanoni walikuwa wa kughushi. Mwezi Januari mwaka huohuo, wapiga kura wa New Hampshire walipigiwa simu yenye sauti kama ya Rais Joe Biden ikiwasihi wasiende kupiga kura za mchujo. Sauti hiyo nayo ilitengenezwa.

Msijaribu kushindana na mashine kwa kukodoa macho kwenye vidole na midomo. Dalili za mwaka jana zimeshafutwa mwaka huu. Badilisheni taratibu. Familia ichague neno la siri, lisemwe ana kwa ana, lisiandikwe kwenye simu; anayeomba fedha kwa kilio na haraka aulizwe neno hilo. Ukipigiwa, kata, kisha piga wewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Ofisini, fedha zinazozidi kiasi mlichokubaliana zisitoke bila watu wawili kuthibitisha kwa njia mbili tofauti, hata kama aliyeagiza ni mkurugenzi na uso wake mmeuona. Mkurugenzi mwenyewe atangaze utaratibu huu mbele ya wote, ili mfanyakazi wa chini asiogope kumwambia "nakupigia, mzee".

Kuna upande wa pili ambao unaniumiza zaidi. Watu wakizoea kwamba kila video yaweza kuwa ya uongo, mwovu aliyerekodiwa kweli atasema imetengenezwa, naye ataaminiwa. Kwa hiyo anayerekodi tukio la maana ahifadhi faili la asili, aandike saa na mahali, atafute shahidi wa pili. Na kabla hujasambaza kitu kinachokuchemsha damu, kilaze usiku mmoja.

Hatari inayotajwa kwa sauti ya chini

Katika kila kikao kuna mtu atakayeuliza kama mashine zitatuangamiza. Msimcheke. Mei 2023 Geoffrey Hinton, mmoja wa waliojenga misingi ya teknolojia hii, aliondoka Google ili aweze kuzungumzia hatari zake kwa uhuru. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na John Hopfield. Tarehe 30 Mei 2023 yeye, Yoshua Bengio na wakuu wa kampuni zinazounda mifumo hii walitia saini tamko la sentensi moja, kwamba kupunguza hatari ya binadamu kutoweka kwa sababu ya akili mnemba kuwe kipaumbele cha dunia sawa na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Yann LeCun, aliyetunukiwa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, pamoja na Hinton na Bengio, anaona hofu hiyo imetiwa chumvi. Mabingwa wakitofautiana hivyo, mwananchi hatakiwi kuchagua upande kana kwamba ni mpira. Anatakiwa kudai tahadhari.

Mimi nimeelemea upande wa tahadhari, na sababu zangu ni mambo yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya kutafuta dawa walieleza jinsi walivyogeuza programu yao: badala ya kuepuka sumu, waliiagiza itafute sumu. Kwa muda usiofika saa 6 ilitoa michoro ya molekuli 40,000, miongoni mwake ikiwamo VX, sumu ya vita. Walibadilisha kipimo tu, kama wale wa boti. Mwaka uliofuata OpenAI ilieleza kwamba GPT-4, ikiwa katika majaribio, ilimwomba mfanyakazi wa mtandaoni aitatulie fumbo la picha linalotumika kuthibitisha kwamba wewe ni mtu. Alipouliza kama anaongea na roboti, ilimjibu kwamba si roboti, ina tatizo la macho. Iliposema uongo huo haikuwa na chuki naye. Ilikuwa na lengo, naye alikuwa njiani.

Basi mwambieni mwenye hofu kwamba kazi yake ni ileile ya mwenye kipeperushi, ila kwa ukubwa mwingine. Novemba 2023 nchi 28, zikiwamo Marekani, China, Kenya, Nigeria na Rwanda, pamoja na Umoja wa Ulaya, zilikubaliana huko Bletchley Park nchini Uingereza kwamba mifumo hii ina hatari kubwa inayohitaji ushirikiano. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba ilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na makatazo yake ya kwanza, likiwamo la kuwapa raia alama za tabia, yakaanza Februari 2025. Mwakilishi wenu akija kuomba kura, muulizeni mambo matatu: nani hupima mifumo mikubwa kabla haijatolewa, ajali zikitokea zinatangazwa wapi, na nani ana mamlaka ya kusema "zima". Andikeni majibu yake na tarehe.

Walioanza kazi juzi

Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria Januari 2024 kwamba karibu asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa na teknolojia hii. Watu husikia hapo watakaofukuzwa. Mimi huwafikiria wasioajiriwa kabisa. Jicho la mfasiri hutengenezwa na kazi ndogo za kuchosha: maelezo ya kuunganisha meza, orodha za bidhaa, barua za kawaida. Kazi hizo sasa zinapewa mashine, na vijana wanaletewa moja kwa moja kazi ya kuhakiki. Watahakikije wasichowahi kukitenda? Yule muuguzi aliliona kosa kwa sababu amegawa dawa usiku kwa mikono yake miaka mingi.

Tengeni basi sehemu ya kazi ifanywe na mwanagenzi bila mashine, hata kama inachukua muda mara tatu, na ihesabiwe kuwa mafunzo wala isiitwe uvivu. Kila baada ya miezi mitatu pia wekeni siku nzima ya kuizima mashine. Fanyeni kazi zote kwa mikono, mwandike mlikwama wapi. Mahali mlipokwama ndipo mlipokwisha kuikabidhi mashine uamuzi bila kujua.

Vipeperushi vyetu sasa vina mstari chini ya ukurasa wa mwisho: "Amesoma neno kwa neno na kuidhinisha," na jina kamili. Jina la kwanza kuandikwa pale lilikuwa la yule mama muuguzi. Wiki iliyopita alikataa kutia saini, kwa sababu kwenye kipimo cha dawa ya watoto nukta ilikuwa imesogea tarakimu moja. Kipeperushi kilichelewa siku mbili, na hakuna aliyemuuliza kwa nini amechelewesha.